Jinsi ya Kuiba Saa Kwenye Rosta ya Wodi

Vifaa vinavyohitajika: rosta ya mwezi mzima, kalamu nyekundu, simu yenye chaji, na ndugu mmoja wa kukaa naye nyumbani anayeweza kupika omena bila kukuamsha kuuliza chumvi iko wapi. Huyo ndugu ndiye kifaa adimu kuliko vyote. Mtafute kabla hujajaza fomu ya chuo.

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa Mamboleo, hapa Kisumu, mwenye cheti anayetaka stashahada, au mwenye stashahada anayetaka digrii, na mshahara wake ndio karo ya watoto. Kama hujawahi kusomea uuguzi kabisa, na kazi yako ni ya kutwa dukani, basi nakuomba usijidanganye: stashahada ya kwanza ni miaka mitatu, na mazoezi ya wodini huangukia saa zile zile ambazo mwajiri wako anakudai. Kwanza zungumza naye, au weka akiba. Rosta ya kuiba bado huna.

Wewe mwenye rosta, jua kwamba njia hii imekanyagwa na wengi. Mwaka 2005 shirika la Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya, chuo cha KMTC na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa kompyuta ili wauguzi wa cheti wapate stashahada bila kuacha kazi. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000. Lilikuwa jambo jema sana, kwa sababu wote hao wangeitwa darasani, nani angebaki zahanati? Darasa likamfuata muuguzi kazini. Lakini kompyuta haishiki zamu ya mtu, na hapo ndipo wizi wetu unapoanzia.

Rosta ikibandikwa, iendee siku hiyo hiyo na kalamu nyekundu. Zungushia siku za mtihani, kisha mwendee msimamizi wa wodi mapema, akiwa ameketi. "Sista, nina mtihani tarehe hii. Naomba usiku wa kuamkia siku hiyo nisiwe zamu, nitashika Krismasi." Toa Krismasi kweli. Itaje kabla hajakuomba, na ikifika uende. Mwenzako aliyekushikia zamu mlipe ndani ya mwezi huo huo, maana deni la zamu likilala linaanza kusimuliwa kwenye chumba cha chai.

Ukitoka zamu ya usiku, lala. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Usipitie maktaba, usifungue daftari "kidogo tu". Kichwa kilichokesha hakishiki somo, na usingizi wenyewe ndio unaosaidia akili kuhifadhi ulichokisoma jana. Isitoshe, jioni utarudi kupima dawa za watoto wa watu. Ziba dirisha kwa leso, zima simu, mkabidhi yule ndugu wa omena mlango. Ukiamka alasiri, soma saa moja yenye nguvu. Saa hiyo moja inatosha siku hiyo.

Sasa wizi mtamu: soma ukiwa kazini, bila kumnyima mgonjwa chochote. Huku kando ya ziwa malaria haitupi likizo, kwa hiyo kitabu chako kimelala kitandani na mama yake amekaa pembeni. Mtoto wa kilo 12 ana malaria kali. Artesunate kwa walio chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, basi yeye ni 36. Mkubwa hupewa 2.4 kwa kilo. Kwa nini mdogo apewe zaidi? Kwa sababu kwa dozi ile ile, damu yake hubaki na dawa kidogo kuliko ya mtu mzima. Anadungwa anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Mweleze mama yake hayo kwa lugha anayoielewa. Ukiweza kumweleza akaelewa, mtihani hautakushinda.

Kwenye matatu, kuanzia Mamboleo, kupita Kondele, hadi mjini, fanya hesabu moja. Mtoto yule yule, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo: 180. Dawa ya maji ina 120 katika mililita 5. Jibu ni mililita 7.5, na ulipate kabla kondakta hajadai nauli.

Wikendi ndiyo ngumu. Ijumaa na Jumamosi ni za matanga, Jumapili ya kanisa na chama. Huwezi kukosa yote, na sikushauri. Wazike wa karibu kwa miguu yako; kwa wa mbali tuma mchango kwa M-Pesa na upige simu, sauti yako isikike. Mama mkwe mwambie wazi: "Mama, hadi Novemba nitakuwa nakuja mara moja kwa mwezi. Niombee." Akina mama wakwe wengi wamewahi kulazwa. Wanajua muuguzi aliyesoma ana faida gani.

Na matokeo yakitoka, mtafute yule aliyekushikia zamu za usiku. Huenda naye ameshachukua fomu. Mpe madaftari yako, kisha muulize mtihani wake wa kwanza ni lini, uizungushie tarehe hiyo kalamu nyekundu kwenye rosta yako.