Heko kwa Namba Isiyosoma

Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe, na kipimo cha athari ya majarida ya kitaaluma kimepigwa vya kutosha. Wahadhiri hukilaani kwenye chai ya saa nne. Wahariri hukilaani huku wakikibandika kwenye jalada la mbele. Hata wale kiliowafikisha kwenye uprofesa hukisengenya wakishakalia kiti. Umefika wakati wa mtu kusimama na kukisifu.

Nasaba yake haina doa. Kilizaliwa Marekani, mikononi mwa Eugene Garfield, aliyependekeza fahirisi ya marejeo katika jarida la Science mwaka 1955. Miaka ya 1960 yeye na Irving Sher wakakibuni ili kiwasaidie kuchagua majarida ya kuingiza kwenye fahirisi hiyo. Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa darasa la tano: hesabu mara ngapi makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mwaka huu, ugawanye kwa idadi ya makala hizo. Basi. Majibu yalianza kuchapishwa katika ripoti maalumu mwaka 1975, na kwa miaka mingi yalitolewa hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta. Muuguzi hapimi homa kwa uangalifu huo! Mwaka 2023 wenye mali, kampuni ya Clarivate, waliibakiza tarakimu moja tu, na wapenzi wa usahihi hawajaondoa matanga.

Lakini usahihi ni fadhila ndogo. Fadhila kuu ya kipimo hiki ni ukarimu.

Mwaka 2008 mtaalamu wa fuwele George Sheldrick, wa Göttingen, alichapisha katika Acta Crystallographica A makala ya kusimulia historia ya SHELX, programu zake ambazo wanasayansi wa fani hiyo huzitumia kuchanganua muundo wa molekuli. Aliwaomba wanaozitumia wairejelee makala hiyo. Wakaitika kwa maelfu. Kipimo cha jarida, kilichokuwa 2.051, mwaka uliofuata kikaruka hadi 49.926, juu ya Nature, juu ya Science. Hebu fikiria furaha ya waandishi wengine wa jarida lile, ambao makala zao hazikuongezewa hata koma, walipoamka na kujikuta wakichapisha kwenye kilele cha sayansi duniani. Mvuvi mmoja wa Kilwa kavua nguru, na kijiji kizima kimevishwa taji, pamoja na wale ambao hawakwenda baharini. Makala ile ilipotoka kwenye dirisha la miaka miwili, kipimo cha mwaka 2011 kikarudi kwenye 2 na ushei. Wataalamu walewale, jarida lilelile.

Ukarimu huu haubagui hata wasiokuwepo. Kuna mdogo wake, fahirisi h, aliyebuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 ili kumpima mtafiti mmoja mmoja: mwenye fahirisi 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble, Ufaransa, alimtunga mtafiti aitwaye Ike Antkare, akampa makala mia moja na zaidi zilizoandikwa na programu ya kompyuta, zisizo na maana yoyote, zote zikirejeleana. Google Scholar ikampa Antkare fahirisi ya 94, akampita Einstein. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Larry, aliyepandishwa kwa mbinu kama hiyo na watafiti wawili waliotaka kuonyesha jinsi marejeo yanavyouzwa. Larry ni paka. Taji aliloshinda la paka anayerejelewa zaidi alimnyang'anya Mmarekani mwenzake, paka wa mwanafizikia mmoja wa Michigan, aliyetiwa kama mwandishi mwenza katika makala ya mwaka 1975.

Kipimo hiki ni kisikivu pia. Mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walieleza wazi jinsi walivyokuwa wakijadiliana na wenye kipimo juu ya makala zipi zihesabiwe kwenye kigawanyo. Kwa kutegemea jibu, jarida lingeweza kupata chini ya 3 au hadi 11. Kina nidhamu vilevile. Wahariri wa Folia Phoniatrica et Logopaedica, jarida la wataalamu wa sauti na usemi, walichapisha tahariri ya kukipinga mwaka 2007, na kwa makusudi wakarejelea humo kila makala waliyoichapisha miaka miwili iliyotangulia. Kipimo chao kikapanda zaidi ya mara mbili. Kisha jarida likaondolewa kwenye ripoti. Heri lingekaa kimya.

Na Brazili je? Mwaka 2013 majarida manne ya tiba ya huko yalisimamishwa kwa kosa la kurejeleana kwa mpango. Wahariri wale hawakukurupuka usingizini. Wakala wa serikali ulikuwa ukizipima programu za shahada za uzamili na uzamivu kwa vipimo vya majarida ambamo watu wake wanachapisha. Majarida ya nyumbani yenye namba ndogo yakawa yanakimbiwa na Wabrazili wenyewe. Yaliyosimamishwa ni majarida. Wakala haukusimamishwa.

Yupo mmoja tu ambaye ukarimu huu humruka, naye ni yule anayeandika juu ya Kiswahili.

Kamusi ya Charles Sacleux ilitoka Paris mwaka 1939, na mpaka leo anayechunguza Kimvita au Kiamu hana budi kuifungua. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki ni ya mwaka 1993, na mjadala bado unaizunguka. Hivyo ndivyo taaluma ya lugha inavyokwenda: polepole, kupitia vitabu, kwa miongo. Dirisha la miaka miwili linaona nini hapo? Halioni kitu. Anayetumia miaka minne kukusanya msamiati wa mabaharia wa Pemba, akauandika kwa Kiswahili ili mabaharia wenyewe wausome, huambiwa na kamati ya kupandisha vyeo kwamba jarida lake "halina athari". Athari kwa nani, jamani? Kwa mkemia wa Boston?

Fomu ya kupandishwa cheo yenyewe husema yote. Ina safu ya jina la makala, ya jarida, ya mwaka, ya nafasi ya mwandishi, na ya kipimo. Safu ya makala inasema nini, haipo. Ndiyo maana yamezuka majarida ya ulaghai, yale yanayomwandikia mhadhiri barua pepe usiku wa manane na kumwita "Profesa mtukufu", yakimwahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo ya dola, na kipimo cha athari kilichotolewa na kampuni ambayo kazi yake pekee ni kuuza vipimo. Walaghai hawa hawadanganyi wasomaji, kwa kuwa wasomaji hawana. Wanahudumia safu ya fomu.

Namba haina kosa. Garfield mwenyewe, aliyefariki mwaka 2017, alikilinganisha kipimo chake na nishati ya nyuklia: kina heri na kina shari, ikitegemea mikono kilimoangukia. Mikono hiyo ina majina na posho za vikao. Azimio la San Francisco la mwaka 2013 liliwataka wenye mikono hiyo wasitumie vipimo vya majarida kumhukumu mtafiti anapoajiriwa au kupandishwa cheo, na maelfu ya taasisi na watu binafsi wamelitia saini.

Kwa wajumbe wa kamati, basi, kuna ombi moja tu. Kwa kila faili litakalofika mezani kikao kijacho, mjumbe mmoja achukue makala moja, aisome hadi ukurasa wa mwisho, kisha awaambie wenzake kwa mdomo wake inasema nini. Posho yake iongezwe.