Sifa za Sambusa za Akiba

Wapo mahasidi wanaothubutu kumcheka bibi mwenye karamu ambaye, ili siku ya wageni aipate raha yake kamili, huanza tangu Shaaban kukata manda, kukausha nyama, kukunja pembe tatu na kuzigandisha sambusa kwa mamia; nami nasema astahili nishani, kwani nani mwingine aliyewahi kuinunua jioni moja ya utulivu kwa mwezi mmoja tu wa kukesha? Majemadari huweka akiba ya risasi kwa utaratibu uo huo, isipokuwa wao, maskini, huwaruhusu askari wao kuigusa. Na ghala za Firauni, pamoja na ile miaka 7 ya neema, sijasikia kwamba zilihesabiwa kila alfajiri kwa kumshuku baba wa nyumba. Ati umeme? Unguja ilipoukosa takriban mwezi mzima mwaka 2008, ilidhihirika tu kwamba karamu yaweza kutangulizwa, hata bila ya wageni. Na siku yenyewe ikiwadia, sambusa hutoka katika barafu zikaingia mafutani moja kwa moja, naye mwenyeji, kwa kuwa hana tena shughuli yoyote, hulala fofofo chumba cha ndani, huku wageni wakikirimiwa na wifi zake, ambao kwa bahati njema hawakujitayarishia raha yoyote.