Funguo Ziko kwa Nani?

Ada ya mwaka ya chama chetu cha wahasibu imepanda tena. Jina la chama nalihifadhi, maana cheti chake kiko ukutani pangu na bado nakitegemea kwa chakula. Sikatai kulipa. Ninachouliza ni pesa zinakokwenda. Ukiuliza hivyo kwenye mkutano mkuu, mwenyekiti anatazama saa, chai inatangazwa kuwa tayari, na jirani anakuvuta koti: "Mzee, kaa, tumechoka."

Halafu kuna mafunzo. Kipimo kilichozoeleka katika taaluma yetu ni saa 120 kwa miaka 3. Nzuri kabisa, ila saa zetu zinapatikana hotelini, kando ya Ziwa Victoria. Kutoka huku kwetu Mbarara mpaka Kampala tu ni kilomita kama 270. Na sisi tuna ziwa, Nakivale, lina samaki na viboko, lakini viongozi hawajaona kama linafaa kusomea kodi.

Jumamosi natoka kwangu Masha, nje ya Mbarara, nashuka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyokuwapo hata kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, kuangalia vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama Wakongomani na Warundi. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mwenyekiti hana hata mmoja. Halifunguliwi mpaka watu wamekaa. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu analikariri salio, na wiki inayofuata wanaanza kwa kulitaja. Anayechelewa anapigwa faini, kiongozi akiwemo. Mzunguko ukiisha, wanagawana.

Mama mmoja akaniuliza, "Papa, na ninyi wenye kusoma, funguo zenu ziko kwa nani?" Nikajifanya natafuta kalamu.

Ningemjibu nini? Ripoti yetu ni kitabu kizito chenye picha za rangi za viongozi wakikata keki, na safari zao zote zimelazwa kwenye mstari mmoja: "Utawala." Muuza maziwa wa Mbarara akiniletea mstari kama huo, namrudishia umechorwa wino mwekundu. Mganga hajigangi, sawa, lakini wetu hataki hata kupimwa homa.

Waheshimiwa, mkutano mkuu ujao uleteni huku Mbarara. Keki tutanunua wenyewe. Ninyi njooni na vocha.