Namna ya Kutafakari Ndani ya Treni ya Hamburg

Ewe mtafiti wa tenzi uliyepata ufadhili wa Ujerumani, hongera. Kiangazi kimewadia, ndege imekushusha Frankfurt, na zimebaki saa nne hivi za reli hadi Hamburg. Wengine husinzia safarini, msomi hutafakari. Fuata hatua hizi.

1. Kata tiketi, kisha kata na kiti. Kule hivyo ni vitu viwili: tiketi hukuruhusu kusafiri, kiti hulipiwa mbali. Ukizibania hizo euro chache msimu wa likizo, utatafakari ukiwa wima mlangoni pa choo, ukimpisha kila mwenye haja.

2. Kaa behewa la ukimya. Toa daftari jipya, andika tarehe, kisha tazama dirishani kama mtu aliyegundua jambo. Hakuna atakayekuuliza ni jambo gani, maana humo kuongea ni utovu wa adabu.

3. Jiandae kwa mandhari. Nyumbani umeshawaahidi picha za milima ya kijani. Bahati mbaya, reli ya kasi ya Hannover–Würzburg, iliyokamilika 1991, haikuipanda milima hiyo, iliitoboa. Kati ya Fulda na Göttingen treni huzama handakini, huibuka kidogo, huzama tena. Utakachokiona zaidi kiooni ni uso wako. Upige picha, uandike chini yake: "Mtafiti akijihoji."

4. Wataje wakubwa. Anza na Carl Meinhof, ambaye namba zake za ngeli zilikukosesha usingizi chuoni. Alikwenda Hamburg mwaka 1909 kufundisha lugha za Kiafrika katika Taasisi ya Kikoloni. Ukifika kwenye neno "kikoloni", sikitika kwa aya moja, kisha endelea kuagiza kahawa. Ufadhili una masharti yake.

5. Usingoje giza ndipo upumzike. Mwezi Juni jua la Hamburg huzama karibu saa nne usiku. Ukitafakari hadi magharibi, utafika umechakaa.

6. Abiria wa jirani akinong'ona kuuliza unakwenda kusomea nini, mjibu: Kiswahili. Mweleze kwamba Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate na Mwengo wa Athumani, ila hati yake kongwe, inayotajwa kuwa ya 1728, imehifadhiwa Hamburg. Akiuliza imefikaje huko, mwoneshe kibandiko cha behewa la ukimya.

7. Bibi yako akipiga simu, toka ukapokee ujiani. Atasema: "Mjukuu wangu, hizo tenzi si ndizo nilizokuwa nikikuimbia? Mbona hukuniuliza mie?" Mwambie kwa haraka kwamba treni inaingia handakini, mtandao unakatika. Wakati huo mmeshapita Hannover, na hadi Hamburg ni tambarare tupu. Lakini bibi hana ramani.