Jinsi ya Kupanga Bafu la Familia Ili Mafundi Wasikose Kazi

Hongera, mwenye mjengo. Ramani imepigwa muhuri City Hall, slabu imekauka, na majirani hapo Kileleshwa wameshamaliza kuhesabu madirisha yako. Kimebaki chumba kimoja ambacho kila mtu wa nyumba hiyo ataingia kila siku, mzima na mgonjwa, mwenyeji na mgeni. Kwa sababu hiyo hiyo, kipange mwisho, kwa nafasi iliyobaki na pesa zilizobaki. Ukifuata hatua hizi hutakosea.

1. Anza na picha, maji yatajijua

Tafuta kwenye simu picha ya bafu la Dubai au Milan: hodhi jeupe katikati ya chumba, mmea pembeni, dirisha linalotazama bahari. Mtumie fundi usiku wa manane. Usimkumbushe kwamba mjengo uko Nairobi, jiji ambalo sehemu kubwa ya maji yake hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na ambalo lilianza mgao wa maji Januari 2017 baada ya mvua kukataa kulijaza bwawa hilo. Ratiba ya mgao tumeizoea kama ratiba ya ligi, ila timu yetu haichezi kila wiki.

Hodhi la kawaida humeza lita 150 bila kushiba. Hiyo ni mitungi saba na nusu ya lita 20, na siku bomba likikauka, mwenye mkokoteni atakufundisha bei ya kila mmoja. Usijali, hodhi halitakaa bure. Jumatatu litawekwa maji ya akiba, Jumatano litalowekwa mablanketi, na Ijumaa litakuwa stoo ya ndoo na mifagio. Kazi pekee litakayokosa ni kuogesha mtu.

Waswahili wa Lamu walipojenga majumba yao ya mawe, bafuni walianza na birika. Walilipiga chokaa, wakalijaza maji, wakaweka kata ya kuchotea, na ndani wakafuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalipata makao kwanza, kisha muogaji akatafutiwa pa kusimama. Usiwaige. Hawakuwa na simu wale, wangeyaonea wapi mambo ya kisasa?

2. Tangi liwe karibu na dari, shawa iwe pana kama sinia

Kanuni ya maji haina siri: kila mita 10 za kimo huzaa bar 1 ya msukumo. Tangi likiwa mita 2 tu juu ya shawa, utapata bar 0.2. Kwa msukumo huo, nunua ile shawa ya mvua, pana, ya bei ya mbuzi wawili, inayotaka bar 1 ndipo ichangamke. Matone yatashuka moja moja, kila moja likichagua bega lake. Fundi akitaja mnara wa tangi au pampu, mwambie unaharibu sura ya nyumba. Povu likikukaushia kichwani, utakuwa na muda mrefu wa kuitafakari sura hiyo.

3. Choo, bafu na sinki vikae chumba kimoja, nyuma ya mlango mmoja

Nyumba nyingi za zamani jijini zilitenga choo na bafu. Mmoja akioga, mwingine alijisaidia, na hakuna aliyepiga mlango wa mwenzake. Huo ni ushamba. Leo tunaunganisha kila kitu, kisha tunaweka kufuli moja.

Faida yake utaiona siku ya shule. Basi la watoto linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, baba anataka kuingia Waiyaki Way kabla haijafunga, mama ana mkutano mjini saa mbili, na kijana wa kidato cha tatu yuko ndani akijitazama kwenye kioo. Serikali iliipatia Westlands Expressway ya kilomita 27 mwaka 2022 ili watu waruke foleni. Foleni ya mlango wako haina barabara ya juu.

Ndani, banana. Choo huhitaji walau sentimita 38 kutoka katikati yake hadi ukutani kila upande, na kama sentimita 60 mbele kwa ajili ya magoti. Wewe toa nusu ya hapo. Mjomba wa ushago mwenye mwili wake ataketi kiupande na kuisifu nyumba kwa sauti nyembamba. Mlango nao ufunguke kwa ndani hadi ugonge choo, ili mzee akiteleza na kuanguka nyuma yake asiwepo wa kuufungua.

Dirisha? Punguza. Unyevu ni mpangaji mzuri: halipi kodi, lakini hupaka dari rangi bure.

4. Sakafu iwe sawa kabisa, tena ing'ae

Hapa ndipo wenye mijengo dhaifu huyumba. Mafundi wa zamani husema sakafu ya bafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Husema pia taili ziwe ndogo na zenye mikwaruzo, kwa sababu vipande vidogo hufuata mteremko na mikwaruzo hushika nyayo. Wewe chagua taili za sentimita 60 kwa 60 zinazong'aa kama kioo. Taili kubwa haikubali kuinama pande nne, kwa hiyo sakafu italala bapa na maji yataamua yenyewe. Kwa kawaida huamua kwenda chumba cha kulala.

Fundi wa taili ukimuuliza kuhusu hilo atakujibu kwa upole: "Usijali, mkubwa, maji yatajipanga." Mwamini. Usimwage ndoo ya maji sakafuni kabla taili hazijabandikwa ili uone yanakoelekea. Wala usizibe tundu, ujaze maji na kuyaacha hadi kesho yake uangalie kama dari ya chini imelowa. Majaribio ni ya shuleni.

Bomba la choo lenye upana wa milimita 100 kwa desturi hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita mbili na nusu kila mita. Lakini ukitaka choo kikae kona ya mbali kwa sababu ya picha, bomba litarefuka, mteremko utaisha njiani, na kila Krismasi utamwona plamba kama ndugu.

5. Stima: fikiria baada ya plasta

Julai ya Nairobi haina huruma, na hakuna anayeoga maji baridi akiimba. Kwa hiyo utaweka shawa ya stima, ile inayopasha maji papo hapo. Inavuta kilowati 5 na zaidi, na fundi mwangalifu ataitengea saketi yake, waya mnene wa milimita 6 mraba, swichi nje ya bafu, na waya wa kupeleka umeme ardhini. Mambo manne hayo yote ni gharama. Iunganishe na laini ya taa, na swichi iweke pale mkono wenye povu unapofika. Kila asubuhi bomba litakusalimia kwa mtetemo, na hutahitaji kahawa.

Kanuni za nishati za 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua. Lakini jua ni la bure, na cha bure hakina hadhi. Usipitishe hata bomba la maji moto ukutani kabla ya plasta. Ukibadili mawazo mwakani, utapasua taili zile zile za Milan, na mwenye duka atakwambia toleo hilo halipo tena.

6. Mlango wa choo cha wageni utazame meza ya kulia

Katika jamii zetu nyingi, mkwe na mama mkwe huheshimiana hata kwa vivuli. Kwa hiyo hakikisha mama mkwe akija kutoka Kakamega hana njia nyingine ila kupita mbele ya mkwewe anayekula ugali, kufungua mlango ulio hatua mbili kutoka kwenye mchuzi, na kuamini kwamba ukuta ni mnene. Sio mnene. Mtaongeza sauti ya televisheni nyote mkijifanya mnapenda habari za soko la hisa.

Ukiwa na wageni Waislamu, kumbuka Kibla kutoka hapa ni kaskazini, mashariki kidogo, nao huepuka kukielekea au kukipa mgongo wakiwa chooni. Kukigeuza choo kitazame mashariki au magharibi kwenye ramani ni kazi ya kifutio tu. Kwa hiyo ngoja hadi zege likauke, ndipo uulize.

7. Andaa lawama

Siku ya kuhamia, maji yatapita chini ya mlango kuelekea zulia jipya. Mpigie fundi wa taili. Atasema plamba ndiye aliyeinua tundu. Plamba atasema alifuata ramani. Mchora ramani atasema ramani ilibadilishwa na mwenye mjengo, naye mwenye mjengo atasema City Hall waliona kila kitu wakapiga muhuri. City Hall nao wataomba barua, na barua itakaa kwenye trei.

Ona lawama zilivyoteremka kutoka mkono hadi mkono, hazikuziba popote, hazikulowesha mtu. Aliyezipimia mteremko huo ndiye fundi uliyepaswa kumpa kazi ya bafu.