Chumvi ya Kuogea, Maji ya Kutafuta

Siku hizi Dar es Salaam kuna watu hawaogi, wanajipumzisha. Wanachukua vikombe viwili vya chumvi ya haluli, nusu kikombe cha magadi ya kuokea, na kijiko cha mafuta ya nazi yaliyokwisha kutiwa matone kumi ya lavenda. Wanakoroga, wanajaza kwenye chupa ya kioo, wanaifunga utepe. Kilichobaki ni hodhi la kujilaza na maji ya kulijaza, lita mia na ushee, katika mtaa ambao maji yakitoka majirani huamshana usiku wa manane kukinga ndoo.

Wenye nazo zaidi hawagusi chumvi ya Uvinza. Hiyo ni ya maharage. Wao wanataka ile ya rangi ya waridi, inayochimbwa Khewra, Pakistani. Na waridi lenyewe, mniwie radhi, ni chembe za chuma, yaani kwa lugha ya gereji, kutu. Lavenda lazima iwe ya Ufaransa, ilhali Wawi, Pemba, kuna kiwanda kizima cha mafuta ya makonyo ya karafuu. (Hayo nayo msiyamimine ovyo. Yanachoma ngozi, na kwingine nisikokutaja.)

Bahari ya Hindi ipo pale pale Coco Beach, kila lita na gramu zake 35 hivi za chumvi. Tatizo haina utepe.

Basi wapenzi wa haluli, ogeni salama. Ila kazi yake ya kale ni tumboni, si mgongoni: chupa hiyo msiiweke karibu na sukari ya wageni.