Simu yangu imehamia Malawi

Nyie mnaolalamika bando limeisha, hebu nyamazeni kidogo. Lenu limeisha kwa kutumiwa. Langu lilikuwa linaisha muda likiwa zima, halijaguswa, niko nalo mfukoni katikati ya Ziwa Nyasa, nimekalia kreti la maparachichi. Nani wa kunirudishia? Hakuna.

Mimi mtu wa Tukuyu. Kwetu Rungwe mvua haijui kupumzika, baridi haina adabu, ila mtandao upo. Ukipanda kilima unaongea na dunia nzima, mpaka na wanaokudai. Sasa nina shemeji yangu Matema, ana boti ya mbao yenye injini. Anabeba watu na mizigo kwenda vijiji vilivyobanwa kati ya ziwa na milima ya Livingstone, Ikombe na kuendelea. Nikajisemea, hapa pana hela. Napeleka ndizi na maparachichi, narudi na vyungu vya akina mama wa Kikisi. Hesabu nilipiga vizuri tu. Mtandao ndio sikuuhesabu.

Mteja anakuja ufukweni, maji magotini, anapokea mkungu wake. “Baba, hela nilikutumia asubuhi nilipopanda mlimani. Angalia simu.” Naangalia. Hakuna huduma. “Itaingia tu, baba, wala usihofu.” Boti inaondoka. Nafika Matema, simu inalia ngri, ngri, moyo unaruka. Ni tangazo la bahati nasibu. Hela ya ndizi mpaka leo iko njiani.

Wenye kujua wanasema kosa ni la mlima. Livingstone haishuki taratibu kama vilima vyetu vya chai. Unatoka juu ya mita 2,000, unaangukia majini hivyo hivyo. Mawimbi ya simu yanapenda njia nyoofu, hayapandi mlima kumfuata mtu. Boti ikizunguka kona ya kwanza, mnara unabaki upande ule, wewe upande huu, na katikati amekaa Livingstone. Tena ule mtandao wa zamani wa 2G kwa kawaida una mpaka wa kilomita 35 toka mnarani, hata mbele pakiwa peupe, kwa sababu jibu la simu yako linachelewa kufika, linakuta zamu yake imepita. Mimi ni wa kukuta zamu imepita tangu shule ya msingi.

Na msiniambie nipande meli. Meli ni chuma, na chuma hufunga mawimbi. Ukishuka chini simu inakufa, ukipanda juu inafufuka, na juu kuna upepo wa kung'oa kofia. Kofia ninayo moja.

Basi shemeji akasema tuuhepe mlima, tupite mbali na pwani. Tukapita. Simu ikapata mtandao! Vijiti vinne! Nikafungua kwa furaha: nakaribishwa Malawi. Sijaomba pasi, sijavuka Songwe, nakaribishwa. Kupokea simu moja tu ya mama watoto, salio likafagiliwa lote. Mnajua mpaka wa ziwa hili ni mgogoro wa siku nyingi. Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba mwaka 1890, Malawi inasema maji yote ya huku ni yake mpaka ufukweni, sisi tunasema mpaka uko katikati. Mzee Chissano wa Msumbiji na marais wastaafu wenzake waliombwa wasuluhishe. Simu yangu haikuwasubiri. Imekata kesi kwa sekunde tatu, na imetushinda sisi.

Shida zaidi ni saa. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wao inajirekebisha yenyewe bila kuaga. Shemeji alisema tunaondoka Ikombe saa nane kamili. Natazama simu, saa saba. Nikaagiza ugali na mbasa, nikala kwa raha zangu, nikaomba na mchuzi wa nyongeza. Kutoka nje, boti imekuwa nukta. Nililala kijijini kwa watu nisiowajua, nikamweleza mama watoto kwamba nimecheleweshwa na saa ya Malawi nikiwa Tanzania. Kama wewe ni mwanandoa, jibu alilonipa unalijua.

Shemeji akasema dawa ni busta. Antena ya nje inanasa, kisanduku kinakuza, antena ya ndani inawamwagia abiria. Mchango nikatoa mimi. Tukanunua Mbeya, duka nalihifadhi. Kuiwasha, inajizima. Kumbe antena mbili zikikaribiana, ya ndani inailisha ya nje, ya nje inairudishia ya ndani, zinapigiana kelele. Boti yetu haina nafasi ya kutenganisha hata abiria waliogombana, itatenganisha antena? Tena tuliuziwa ile ya kuelekeza mnarani. Boti ikigeuka, antena inatazama Msumbiji. Ya kwenye boti inatakiwa ya fimbo, inayosikia pande zote. Na kifaa kiwe kimethibitishwa na TCRA, maana busta mbovu inawavurugia mtandao kijiji kizima. Yote haya nilielezwa mbele ya abiria na mwanafunzi wa ufundi, umri wa kitinda mimba wangu. Akamalizia: “Halafu mzee, busta haizai mtandao, inakuza uliopo. Sifuri ukiikuza inabaki sifuri.” Watu wakacheka wakinitazama mimi.

Huyo huyo mwanafunzi ndiye aliyesema kinachotakiwa ni kimo. Macho yakiwa mita 2 juu ya maji, yanaona kama kilomita 5. Yakiwa mita 8, yanaona 10. Antena nayo ni hivyo hivyo. Mimi kimo walipogawa sikupewa, ila mianzi Rungwe tunayo. Tukakata mmoja mrefu, tukafunga simu kileleni ndani ya mfuko wa plastiki, igawe hotspoti kwa simu za chini. Simu ya nani? Ya kwangu. Bando la nani? La kwangu. Boti nzima inaangalia mpira, mimi nimeshikilia mwanzi.

Na ujumbe wangu unaingia huko huko juu. Utingo wa boti ndiye mrefu, ndiye anayeinamisha mwanzi, na ndiye anayesoma, kwa sauti ya kushindana na injini. “Mkopo wako umechelewa!” Kimya. “Salio lako ni shilingi 212!” Miguno. “Baba, dawa yako ya minyoo umeiacha mezani!” Hapo mpaka nahodha aliachia usukani.

Siku hizi amepanga bei, jero kwa ujumbe. Nikalipa. Akasoma kwa sauti ile ile. Nikamuuliza, kijana, si nimekulipa? Kasema ndiyo, mzee, lakini na waliokaa nyuma nao wamelipa ili wasikie.